Bima ya afya anayokulipia mwajiri: namna ya kuhakikisha haikatwi PAYE

Kila Januari mikataba ya bima inapohuishwa, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile, watu ndio wanaobadilika. "Mbukwa kaka. Nalipia bima ya afya ya binafsi mimi na familia. Fomu ya kudai unafuu wa kodi naipata wapi?" Wengine wanapiga wakiwa wameshatoka ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), wamepanga foleni asubuhi nzima, na wanaamini kuna mtu amewanyima haki yao.

Hawajanyimwa. Fomu hiyo haipo. Kwetu Tanzania, ukilipa ada ya bima ya afya kwa fedha yako mwenyewe, sheria ya kodi ya mapato haikupi punguzo lolote. Wengi wamelisikia jambo hili kwenye video za Wakenya. Kule kuna unafuu wa bima wa asilimia 15 ya ada, usiozidi shilingi 60,000 za Kenya kwa mwaka. Ni kweli kabisa, ila ni kwao.

Sisi unafuu tunao, ila mlango wake ni mwingine. Mwajiri akikulipia bima kwa utaratibu unaotakiwa, ada hiyo haihesabiwi kwenye mapato yako yanayotozwa PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri anaikata kwenye mshahara wako kila mwezi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumfuata ni mhasibu wa ofisini kwako, na kazi yote inafanyika kwenye karatasi ya mishahara. Tatizo ni kwamba wahasibu wengi wa ofisi ndogo hawaijui kanuni hii vizuri, na mfanyakazi hasomi slipu yake zaidi ya ule mstari wa mwisho chini.

Sheria inasemaje

Sitakuchosha. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinataja vitu vinavyoondolewa kwenye mapato ya ajira. Kimojawapo ni huduma za matibabu, malipo ya matibabu, na malipo ya bima ya matibabu. Masharti ni mawili. La kwanza, yawe ni kwa ajili ya matibabu ya mfanyakazi mwenyewe, mwenzi wake, na watoto wao wasiozidi wanne. La pili, mwajiri awe anatoa huduma hiyo kwa wafanyakazi bila kubagua.

Basi. Mengine yote humu ni namna ya kuyatumia hayo mawili.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Slipu zako za mshahara za miezi mitatu ya karibuni. Kama bima ilianza Januari, chukua na ya Desemba ili ulinganishe.
- Mchanganuo wa ada ya bima kwa kila jina. Kadi peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi bei.
- Mkataba wako wa ajira, na kanuni za utumishi za ofisi kama zipo. Tafuta ukurasa unaozungumzia matibabu.
- Kikokotoo cha simu, kalamu na nusu saa ya utulivu.

Weka karibu na viwango hivi vya PAYE kwa mwezi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 pamoja na 20% ya kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 pamoja na 25% ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 pamoja na 30% ya kinachozidi 1,000,000.

Hatua kwa hatua

1. Jua ni nani hasa anayelipa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole. Kuna hali tatu.

Ya kwanza, mwajiri anapeleka fedha moja kwa moja kwa kampuni ya bima, na mshahara wako haukatwi kitu. Hii ndiyo yenye unafuu.

Ya pili, ofisi inakata ada kwenye mshahara wako na kuipeleka kwa niaba yako. Hapo anayelipa ni wewe, hata kama hundi ina mhuri wa ofisi. Makato hayo hayapunguzi kodi. Kinachoruhusiwa kutolewa kabla ya kupiga hesabu ya PAYE ni mchango wako kwenye mfuko wa pensheni ulioidhinishwa, yaani NSSF au PSSSF. Bima uliyojilipia haimo humo, kama ambavyo mkopo wa elimu ya juu haumo.

Ya tatu, mwajiri anakupa "posho ya matibabu" taslimu kila mwezi ujinunulie bima unayoitaka. Watu huipenda kwa sababu inaonekana kwenye akaunti. Lakini fedha hiyo ni mapato ya ajira kama mshahara, na inatozwa kodi yote. Uwe umenunulia bima au mabati, mkono wa PAYE unafika.

2. Omba mchanganuo wa ada kwa kila jina. Ofisi nyingi zinapokea ankara moja ya wafanyakazi wote, yenye jumla tu. Mwombe anayeshughulikia bima ofisini, au wakala aliyewauzia, akupe orodha inayoonyesha ada ya mwaka kwa kila aliyeandikishwa chini ya jina lako. Wakala makini anakutumia siku hiyo hiyo kwa WhatsApp. Akianza kuzunguka, mkumbushe kwamba ofisi ni mteja wake.

3. Pitisha majina hayo kwenye chekeche. Wewe: ndani. Mke au mume: ndani. Watoto: wanne ndani, wa tano nje. Baba na mama: nje. Mdogo wako anayesoma UDOM: nje. Dada wa kazi: nje.

Kuwa "nje" maana yake si kwamba haruhusiwi kuwa kwenye bima. Mwajiri anaweza kumlipia yeyote anayekubaliwa na kampuni ya bima. Ila ada ya huyo ni faida uliyoipata kutokana na ajira, na inapaswa kuongezwa kwenye mapato yako yanayotozwa kodi.

Hili la wazazi nalijua kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye uhasibu nilipewa karatasi ya mishahara ya ofisi moja hapa Dodoma mjini, watu kama ishirini. Bima yao ilikuwa nzuri, iliruhusu wazazi. Nikamwandikisha mama yangu, akawa anatoka Kongwa kuja kliniki na kadi yake mkononi kama mtumishi. Wenzangu nao wakaleta wazazi wao. Sikuongeza hata senti kwenye mapato ya mtu. Nilijisemea bima ni bima, haina kodi. Wakaguzi walipokuja walifungua faili la bima kabla ya la mishahara. Jioni yake nilikaa na bosi tukihesabu kodi ya wazazi tisa pamoja na riba, na ofisi ikalipa yote kwa sababu mwenye wajibu wa kukata ni mwajiri. Bosi hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

Kwa hiyo usijifanye hujaona. Ada ya mama ikiwa 900,000 kwa mwaka, ni 75,000 kwa mwezi. Aliye kwenye kiwango cha 30% analipa kodi ya 22,500. Kwangu mimi hiyo bado ni bei nafuu ya kumpatia mama daktari bila kuchangishana kwenye kundi la ukoo.

4. Uliza kuhusu usawa. Uliza swali moja: bima hii inatolewa kwa nani? Ikiwa wanaonufaika ni meneja na mhasibu tu, huku dereva, mlinzi na mfagizi wakiambiwa wakajitibie, sharti la pili limevunjika, na ada za hao wawili zinatakiwa zitozwe kodi. Ofisi iliyo salama ni ile yenye maandishi kwenye kanuni za utumishi kwamba kila mfanyakazi anapata bima, na inaeleza ni kwa masharti gani. Kama hakuna maandishi, pendekeza yaandikwe. Ukurasa mmoja wenye saini unatosha kumwonyesha mkaguzi.

5. Piga hesabu yako mwenyewe. Tuchukue mtu wa Kisasa anayelipwa 1,500,000 kwa mwezi. NSSF yake ni 10%, yaani 150,000. Mwajiri anamlipia bima yeye, mke na watoto wawili kwa 1,440,000 kwa mwaka, sawa na 120,000 kwa mwezi.

Hesabu sahihi: 1,500,000 toa 150,000, inabaki 1,350,000. PAYE ni 128,000 pamoja na 30% ya 350,000, ambayo ni 105,000. Jumla 233,000.

Hesabu ya makosa, ada ikiwa imeongezwa: 1,350,000 jumlisha 120,000, inakuwa 1,470,000. PAYE ni 128,000 pamoja na 141,000. Jumla 269,000.

Tofauti ni 36,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 432,000.

Kwa mwenye mshahara mdogo tofauti inapungua lakini ipo. Anayelipwa 700,000, baada ya NSSF anabaki na 630,000, na PAYE yake ni 42,000. Ukimwongezea ada ya 50,000 kimakosa, PAYE inapanda hadi 52,000. Hiyo 10,000 ni nauli ya daladala ya siku kadhaa kutoka Nzuguni.

6. Soma slipu mstari kwa mstari. Usianzie chini kwenye "unachopokea". Anzia kwenye kiasi kinachotozwa kodi. Je, kinalingana na mshahara wako wote, pamoja na posho zinazotozwa, ukitoa mchango wa pensheni? Kikizidi, tafuta kilichoongezwa. Mara nyingi ni kamstari kafupi, MED au BEN na tarakimu mbele yake, ambako hakaongezi fedha mkononi mwako ila kanaongeza kodi. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye duka la dawa alinionyesha slipu yake tukiwa Nyerere Square; kamstari hako alikuwa amekaona kila mwezi kwa mwaka na nusu, akadhani ndiyo thamani ya dawa anazoruhusiwa kuchukua.

7. Mwandikie mhasibu. Kwanza nenda kwa mdomo na kwa heshima. Asipoelewa, andika. Barua fupi inatosha, kwa mfano:

"Ndugu Mhasibu, naomba kurekebishiwa hesabu ya PAYE. Ada ya bima ya afya ninayolipiwa na ofisi, shilingi 120,000 kwa mwezi, imeongezwa kwenye mapato yangu yanayotozwa kodi tangu Januari. Bima hiyo inanihusu mimi, mwenzi wangu na watoto wetu wawili, na inatolewa kwa wafanyakazi wote. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, ada hiyo inatakiwa kuondolewa. Naambatanisha slipu, mchanganuo wa ada na hesabu yangu. Ahsante."

Usiandike "mmeniibia". Nimeiona barua yenye neno hilo ikikaa kwenye trei mpaka mwenye nayo akahama kazi.

8. Fuatilia marekebisho. PAYE ya kila mwezi inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo siku za kwanza za mwezi mhasibu hana muda na wewe. Mfuate katikati ya mwezi, kabla hajafunga karatasi ya mishahara. Kosa la mwezi huu linaisha kwa kubadilisha mpangilio. La miezi iliyopita, jambo jepesi ni kulirekebisha ndani ya mwaka ule ule wa mapato, yaani kabla ya Desemba 31. Likivuka mwaka, mwajiri anarekebisha ritani (taarifa ya kodi aliyoiwasilisha) na kudai TRA kilichozidi, na hapo uvumilivu unahitajika, kwa sababu watataka kuona kila karatasi.

Kama unapewa posho taslimu

Hapa ndipo penye fedha nyingi kuliko kwingine, na wachache wanafikiria. Mtu aliye kwenye kiwango cha 30% akipewa posho ya matibabu ya 100,000, kinachomfikia ni 70,000. Mwajiri akiigeuza 100,000 hiyo hiyo kuwa ada ya bima ya wafanyakazi wote, inafika yote kwenye bima.

Msijadiliane na bosi kila mtu kivyake. Kaeni wafanyakazi wote, mmoja awasemee. Mwambieni kwamba kwake gharama haiongezeki: ada za bima za wafanyakazi ni matumizi ya biashara na zinatolewa kwenye hesabu ya faida kama mishahara inavyotolewa. Tena, kama analipa SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), posho taslimu inaingia kwenye hesabu yake, jambo ambalo bosi huwa analisikia haraka kuliko mengine yote.

Kuna njia nyingine kwa ofisi yenye watu watatu au wanne ambayo kampuni za bima hazina hamu nayo. Mwajiri anaweza kulipa bili halisi za hospitali, kwa risiti, kwa wafanyakazi wote kwa utaratibu ule ule. Malipo ya matibabu nayo yamo kwenye kifungu. Ila risiti iwe ya jina la mgonjwa na tarehe, na ilipwe bili ilivyo. Ukilipa kiasi kile kile kila mwezi bila risiti, umerudi kwenye posho.

Mwenye biashara yako mwenyewe

Duka lako Majengo, saluni Area C, shamba la zabibu Hombolo: bima yako na ya familia yako ni matumizi ya nyumbani, usiiingize kwenye gharama za biashara. Bima ya wafanyakazi wako unaweza, kama unatengeneza hesabu na kulipa kodi kwenye faida. Lakini kama mauzo yako hayazidi 100,000,000 kwa mwaka na uko kwenye kodi ya makadirio, kodi yako inafuata mauzo, hivyo gharama ya bima haibadilishi chochote. Wape bima kwa sababu nyingine, usiwape ukitarajia kodi ipungue.

Risiti na hati za bima zitunze miaka 5. Na kabla hujalipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, huna sababu ya kukisia.

Mambo yakikwama

*Mhasibu anasema programu ya mishahara inaongeza yenyewe.* Programu inafanya ilichoambiwa. Mahali fulani kipengele cha bima kimewekewa alama kwamba kinatozwa kodi. Mwambie aondoe alama hiyo kwa ada za mfanyakazi, mwenzi na watoto wanne, na atengeneze kipengele cha pili kinachotozwa kwa ajili ya wazazi na wengineo.

*Ada ya wazazi imeingizwa yote kwenye mwezi mmoja.* Ofisi imelipa ya mwaka mzima Januari, ikaiongeza yote kwenye slipu ya Januari, na ukajikuta umepanda kiwango cha juu mwezi huo. Omba igawanywe kwa miezi 12, kwa kuwa bima yenyewe unaitumia miezi 12.

*Mimi niko NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya.* Mtumishi wa umma anachangia 3% na mwajiri 3%. Sehemu ya mwajiri haiongezwi kwenye mapato yako. Sehemu yako inakatwa baada ya kodi kupigiwa hesabu. Ukiona hivyo kwenye slipu, hakuna kosa, usimsumbue afisa utumishi.

*Mwajiri analipa nusu, nami nusu.* Nusu yake inafuata kanuni hii. Nusu yako haina unafuu. Kama ongezeko la mshahara linakuja, omba sehemu yake itumike kubeba ile nusu yako badala ya kuja taslimu, na iwe hivyo kwa wenzako wote.

*Ofisi imekaguliwa na TRA imetoza kodi kwenye bima yote.* Hapo mwenye kupinga ni mwajiri, na ana siku 30 tangu apewe uamuzi. Kazi yako ni kumpa vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto haraka, maana siku hizo huisha watu wakitafutana.

*Naacha kazi mwezi ujao.* Dai marekebisho leo, na uchapishe slipu zako zote za mwaka kabla ya kukabidhi funguo. Slipu nyingi siku hizi zinakuja kwa barua pepe ya ofisi, nayo hufungwa jioni ile ile unayoaga.